Mguuni au kifuani? Njia za kutibu moyo wa mtoto zikiwekwa bega kwa bega

Benchi la kliniki ya moyo ya watoto halina siri. Siku ile nilikuwa nimempeleka mtoto wa dada yangu, maana mama yake alikuwa kazini na mimi ndiye mama mdogo, tukabanana katikati ya akina mama wawili. Wa kulia, mkazi wa Temeke, mwanawe ana tundu kwenye moyo na ameambiwa litazibwa kwa kupitia mshipa wa paja: alazwe Jumatatu, Jumatano yuko nyumbani. Wa kushoto alikuwa ametoka Kigoma kwa basi. Mwanawe naye ana tundu kwenye moyo, ila yeye kaambiwa kifua kitafunguliwa na atafute ndugu wa kuchangia damu.

"Wenzetu wana bima nzuri, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Sisi wa mbali ndio tunaopasuliwa."

Nikamwomba karatasi yake ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, nikaiweka kando ya ile ya mwenzake. Yake imeandikwa VSD, ya mwenzake ASD. Bima haikuhusika kabisa. Ni hili neno letu "tundu" linalotuchanganya, kwa sababu wodini tunayaita kwa jina moja magonjwa ambayo hayafanani hata umri wa kutibiwa.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. ASD ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya juu. VSD ni tundu kwenye ukuta wa vyumba vya chini. PDA kwa kweli si tundu: ni mshipa mfupi unaounganisha mishipa mikubwa miwili mtoto akiwa tumboni, ambao hupaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, na kwa watoto wengine hugoma. Karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na hitilafu fulani ya moyo, na hizi tatu ndizo utakazozisikia zaidi kwenye benchi. Kabla hujalinganisha hospitali, au mwanao na wa jirani, jua kwanza herufi zilizoandikwa kwenye karatasi yako, ukubwa wa tundu kwa milimita, na lilipo.

Kusubiri, au kuwahi

Njia ya kwanza hakuna anayeihesabu kama tiba, nayo ni kusubiri. VSD nyingi ndogo, hasa zile zilizo kwenye nyama ya ukuta, hujifunga zenyewe katika miaka ya mwanzo. ASD ya milimita tatu au nne kwa mtoto mchanga nayo ina nafasi nzuri ya kujifunga. Ikizidi milimita nane usiitegemee sana.

Wazazi wengi hutishwa na kelele. Daktari wa zahanati akiweka kipimo kifuani na kusema "moyo una mlio mkubwa", nyumba nzima hailali. Lakini kwenye VSD, tundu dogo ndilo lenye mlio mkali, kwa kuwa damu inapenya kwa nguvu mahali pembamba. Debe tupu haliachi kuvuma. Tundu kubwa linaweza kuwa kimya na likawa baya zaidi.

Ubaya wake ni huu. Chumba cha chini cha kushoto kinasukuma damu kwa shinikizo kubwa mno kuliko cha kulia. Ukuta ukiwa na tundu kubwa, damu inarushwa kwenye mapafu kwa nguvu ambayo mishipa yake haikuumbiwa. Dalili huanza kuonekana mtoto akiwa na wiki nne hadi nane: ananyonya kidogo anaacha, jasho linamtoka kwenye paji la uso huku ananyonya, nimonia haziishi, na mstari kwenye kadi ya kliniki unalala badala ya kupanda. Mtoto wa namna hii hasubiri "akue kwanza". VSD kubwa hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi kati ya miezi mitatu na sita. Mwenye Down syndrome aliye na tundu kubwa katikati ya moyo ndiye wa kuwahishwa kuliko wote, kwa kuwa mapafu yake huharibika mapema.

Kuna mtego hapa ambao ningependa kila bibi auelewe, kwa sababu mabibi ndio wanaosema "mbona anaendelea vizuri, mwacheni". Mtoto mwenye VSD kubwa isiyotibiwa anaweza kufika mwaka mmoja na nusu, miwili, akaanza kupata nafuu. Anahema polepole, ananenepa. Familia inashukuru na inaacha kliniki. Wakati mwingine nafuu hiyo ni mishipa ya mapafu kukakamaa na kuanza kuikataa ile damu ya ziada. Miaka inapita, shinikizo la kulia linalishinda la kushoto, damu chafu inavuka kwenda mwilini, na kijana wa miaka 13 anakuja kliniki midomo na kucha zimekuwa za bluu. Huyo tundu lake halizibwi tena. Ndilo limebaki kuwa mlango wake wa kupumulia, na ukilifunga moyo wa kulia unazidiwa.

ASD ni tofauti kabisa. Vyumba vya juu vina shinikizo dogo pande zote mbili, kwa hiyo madhara yake huja taratibu, kwa miaka na miaka. Ndiyo maana mtoto wa Temeke aliambiwa asubiri hadi afike miaka minne na kilo zitimie, na wa Kigoma akaambiwa aje haraka. Huyu wa pili alikuwa na miezi saba.

Kifaa cha kupitia mguuni

Daktari alinionyesha kile kifaa kwenye kiganja chake. Ni visahani viwili vya waya uliosukwa, vimeungwa na kiuno kifupi katikati. Waya ni mchanganyiko wa nikeli na titani, na sifa yake ni kukumbuka umbo. Alikivuta ndani ya mrija mwembamba kama wa soda, kikanyooka na kupotea. Kisha akakisukuma: kisahani cha kwanza kikachanua, akavuta kidogo, cha pili kikachanua nyuma yake. Ukuta wa moyo unabanwa katikati. Kabla ya kukiachia hukitingisha kuona kama kimeshika. Kama hakijashika, wanakirudisha mrijani na kujaribu upya.

Mtoto anapewa usingizi, mrija unapita kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo, na madaktari wanaangalia kwa eksirei na eko. Kifua hakiguswi, moyo hausimamishwi. Kesho yake anatembea, na kinachobaki ni alama ndogo kwenye kinena. Baadaye anatumia aspirini ya dozi ndogo kwa takriban miezi sita mpaka ngozi ya moyo iote juu ya kifaa, na katika muda huo jino lisiguswe bila antibayotiki.

Kwa PDA na ASD zinazofaa, hii ndiyo njia ya kwanza siku hizi, na sidhani kama kuna mzazi angeikataa. Shida ni hilo neno "zinazofaa". Kifaa kinahitaji ukingo wa nyama wa kushikia pande nyingi za tundu. ASD iliyo pembeni, karibu na mahali mishipa inapoingilia, au ile iliyo chini kabisa karibu na valvu (kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma), haina ukingo huo. Uzito nao ni kikwazo. Kwa ASD wengi hutaka mtoto awe na kilo 15 hivi, kwa sababu moyo mdogo hauna nafasi ya kufungulia visahani. Kwa VSD, ile iliyo karibu na valvu ya aota, mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini, inapita jirani na njia ya umeme wa moyo, na kifaa kikiibana mapigo yanaweza kukatika. Hapo upasuaji bado ndio unaoaminiwa zaidi.

Kifaa pia kinaweza kuhama. Ni mara chache, lakini hutokea, na kikihama lazima kifuatwe kwa mrija au kwa kisu. Swali lako kwa daktari liwe: siku hiyo daktari wa upasuaji atakuwepo jengo hilohilo? Kuhusu bili, usidhani mguuni ni bei rahisi kwa kuwa hakuna mshono. Kifaa kinaagizwa nje, na mara nyingi ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama.

Kufungua kifua

Mtoto wetu alikuwa na ASD, miaka minne, kilo 14, na tulikwenda tukiwa na uhakika wa mguuni. Eko ya pili ikaonyesha ukingo wa chini hautoshi. Nakiri nililia kwenye ngazi.

Kinachofanyika ni kwamba mfupa wa katikati ya kifua unakatwa kwa urefu, damu inahamishiwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo unasimamishwa, tundu linashonwa au kuwekewa kiraka, mara nyingi kutoka kwenye utando wa moyo wa mtoto mwenyewe. Kisha moyo unaamshwa na mfupa unafungwa kwa waya. Mashine ya namna hiyo ilitumika kwa mafanikio mara ya kwanza mwaka 1953, daktari John Gibbon wa Marekani alipoziba ASD ya msichana wa miaka 18. Kwa hiyo tundu hili ndilo lenye historia ndefu kuliko yote kwenye meza ya upasuaji wa moyo uliofunguliwa, na jambo hilo lilinituliza kuliko maneno mengi ya faraja.

Ulizeni pia "kufungua kifua" maana yake ni kupi. PDA ikifungwa kwa upasuaji, daktari hupita kati ya mbavu upande wa kushoto na kuufunga mshipa kwa uzi. Moyo unaendelea kupiga na mashine haihitajiki. Robert Gross alifanya hivyo Boston mwaka 1938, kabla mashine yenyewe haijakuwepo. Mama anayesikia "kifua" akadhani ni yale ya mfupa kukatwa anaweza kukimbia na mwanawe bure.

Ukiweka njia mbili kando kando: mguuni ni siku mbili tatu hospitalini, kifuani ni kama wiki, na siku ya kwanza au mbili za mwanzo ni chumba cha mahututi. Kifuani kuna mirija ya kutoa maji kifuani, kuna damu ya kuchangiwa, kuna mfupa unaochukua kama wiki sita kushikana. Upande wa pili, kiraka hakihami, hakichagui umbo la tundu, na daktari akiwa ndani anaweza kurekebisha na mengine aliyoyakuta.

Yale ya nyumbani hakuna anayekuambia mapema. Usimnyanyue mtoto kwa kumshika makwapani. Weka mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, maana makwapani unauvuta mfupa. Kumbeba kwa mbeleko kunabana kifua, kwa hiyo usianze kabla hujaruhusiwa. Akikohoa mpe mto aukumbatie. Wa kwetu siku ya tano alikuwa anataka kupanda kitanda cha jirani. Kovu analiita njia ya siafu, na huwatoza wenziwe pipi kabla ya kuwaonyesha.

Kuna watoto ambao mguuni kwao si chaguo la kuziba kabisa, kama wenye Fallot, ile ya hitilafu nne kwa pamoja, wanaochuchumaa ghafla katikati ya mchezo kwa sababu kuchuchumaa kunawapa pumzi. Kwao ulinganisho ni kufanyiwa upasuaji kamili moja kwa moja, au kuwekewa kwanza njia ya muda ya kupeleka damu mapafuni ndipo wakamilishiwe wakikua. Akipatwa na bluu kali nyumbani, mlaze na ukunje magoti yake mpaka kifuani, kisha mkimbize hospitali.

Vijana na valvu

Wenye miaka 12, 15, 17 wanaojaa kliniki zetu wengi hawakuzaliwa na ugonjwa. Walipata mafindofindo ya bakteria wa streptokoka, hayakutibiwa, mwili ukapigana na bakteria na kwenye vita hiyo ukajeruhi valvu za moyo. Hapa ndipo uchaguzi ulipo mgumu kweli, kwa sababu kijana anaishi nao, na kijana ana maoni yake.

Kama valvu imeshikana tu na haivujishi, puto linaweza kupitishwa kutoka pajani likaipanua. Ni njia nzuri inayoahirisha upasuaji kwa miaka. Ikiwa inavuja, puto litaongeza kuvuja.

Kinachofuata kwa ubora ni kukarabati valvu aliyonayo. Anabaki na kiungo chake, hanywi dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na msichana anaweza kubeba mimba kwa hofu ndogo zaidi. Si kila daktari wa upasuaji ana mkono wa kukarabati valvu iliyokunjamana, na ukarabati unaweza kuchakaa, lakini kama kuna mtu kwenye timu anayeweza, mimi ningeuliza hili kabla ya lingine lolote.

Isipowezekana, inabadilishwa. Valvu ya chuma hudumu miongo mingi. Usiku nyumba ikitulia kijana anaisikia inapiga tik, tik, kama saa ya ukutani. Valvu ya tishu, inayotengenezwa kutokana na ng'ombe au nguruwe, haina kelele wala haidai dawa maisha yote, ila kwa watu wenye umri mdogo huchakaa haraka, pengine kabla ya miaka 10. Maana yake atarudi mezani angali kijana.

Ukisoma haraka, chuma kinashinda. Sasa angalia maisha ya kila siku ya chuma. Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni bila kukosa. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwa valvu ya mitra (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto) huwa kinatakiwa kikae kati ya 2.5 na 3.5, kikishuka damu inaweza kuganda kwenye valvu, kikipanda anaweza kuvuja damu ndani. Mchicha, kisamvu na matembele vinashusha nguvu ya dawa, na ushauri mzuri ni ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, asisuse wiki moja na kujaza sahani inayofuata. Flagyl na Septrin, ambazo duka la dawa la mtaani linazitoa kama karanga, zinapandisha INR. Warfarini humdhuru mtoto tumboni, zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa hiyo binti wa miaka 16 aambiwe yeye mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, mama yake akiwa nje ya chumba kama ikibidi. Mimba yake ni ya kupangwa na daktari kabla, kwa sababu dawa itabadilishwa.

Ndiyo maana ninapoulizwa "chuma au tishu", nauliza: INR inapimwa wapi karibu na kwenu? Kama jibu ni saa nne za basi na nauli ya kukopa, basi valvu ya tishu na upasuaji wa pili inaweza kuwa na usalama kuliko ile ya kudumu. Daktari aliyeko jijini hawezi kulijua hilo usipomwambia.

Na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne inaendelea hata valvu ikiwa mpya. Kwa aliyeharibikiwa valvu hufika hadi miaka 40 ya umri. Kijana akishakuwa kwenye warfarini, sindano ya makalioni inaweza kuvimbisha damu kwenye nyama, kwa hiyo muulizeni daktari kama aendelee nayo au ahamie vidonge. Asiache kimyakimya.

Hapa nyumbani, kambi, au nje

Zamani hapakuwa na cha kulinganisha. Watanzania walipelekwa nje, wengi India. Upasuaji wa moyo uliofunguliwa ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama yenyewe mwaka 2015, hapohapo Upanga. Mwanza kuna Bugando. Kwa Wakenya kuna Mater na Kenyatta, kwa Waganda Uganda Heart Institute pale Mulago. Watoto wengi wa Zanzibar wametibiwa Holon, Israeli, kupitia shirika la Save a Child's Heart, na huko ndiko daktari Godwin Godfrey alikosomea upasuaji wa moyo wa watoto kabla ya kurudi kufanya kazi Dar es Salaam.

Kwa ASD, VSD na PDA za kawaida sioni sababu ya kuuza shamba kwenda nje. Utahitaji eko mwezi mmoja baada ya upasuaji, kisha miezi sita, na aliyemfungua mtoto akiwa mji uleule ni faida kubwa kuliko jengo la vioo. Kambi za madaktari wageni wanaokuja kwa wiki moja zinafaa zaidi kwa hitilafu ngumu ambazo timu ya hapa inataka kuzifanya kwa kushirikiana nao. Ubaya wake ni foleni, na kwamba mtoto akipata homa tu siku hiyo anasogezwa hadi kambi nyingine. Mwenye VSD kubwa wa miezi mitano asiwekwe kwenye orodha ya kambi ya baada ya nusu mwaka. Hapo simamia, uliza kama anaweza kufanyiwa mapema zaidi mahali pengine. Safari ya nje ibaki kwa yale yasiyofanyika hapa, na mtoto wa bluu asipandishwe ndege kabla daktari hajasema kuhusu oksijeni.

Kuhusu fedha, anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, usingoje bili ifike. Nenda na barua ya serikali ya mtaa na karatasi ya rufaa.

Yule mama wa Kigoma mwanawe alifunguliwa kifua wiki mbili baadaye. Tuliagana kwenye geti, mtoto kalala begani, na akaniuliza kama zile karatasi za eko azitupe kwa kuwa tundu limekwisha. Nikamwambia aombe na picha zenyewe kwenye flashi, azifunge kwenye nailoni pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu daktari wa Kigoma atakapoweka kipimo kifuani ataanzia hapo.